Kurasa Mbili Nilizozikariri

Faida mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizia hali: natumaini u mzima, sisi huku wazima, hofu ni kwako. Nitaruka hapo. Hali yako naisikia kupitia ukuta. Umelala chali unacheka kwenye simu kwa Kiswidi, na ndege yako ni kesho saa nne asubuhi. Ni jioni, jua la Agosti bado liko kwenye madirisha ya jengo la mbele, na mimi nimekaa jikoni na kalamu kama mwanafunzi anayeandika kazi ya jana.

Mambo ya mvua ya Uskoti, ya soksi, ya kupika wali bila kuunguza sufuria, mama yako ameshayasema, kisha akayarudia. Sina la kuongeza. Mimi nataka tuzungumze juu ya lile boksi.

Orodha ya vitabu ilikuja mwezi wa sita, mara tu chuo cha huko Uskoti kilipokukubali. Vitabu kumi na vinne vya muhula wa kwanza wa fasihi ya Kiingereza, na chini yake sentensi ya adabu ikisema ni vizuri mwanafunzi aanze kusoma kabla hajafika, kwa sababu kuna wiki zitakazokuwa na riwaya mbili pamoja na mashairi na insha ya kuandika. Uliviagiza vilivyotumika, mimi nikaenda kuvichukua dukani wanakopokelea vifurushi, nikavibeba begani kutoka kituo cha treni cha hapa kwetu Rågsved mpaka ghorofa ya tatu, maana lifti ilikuwa imegoma kama kawaida yake. Nikaliweka boksi karibu na viatu. Nikasema moyoni, hapa hawezi kulikosa.

Kweli hukulikosa. Mwezi wa saba uliweka mkoba juu yake. Mwezi wa nane ukaongeza chaja na kofia ya baiskeli. Mimi nimeligonga mara mbili kwa kidole gumba cha mguu, nikitoka alfajiri kwenda Kista kusafisha ofisi za watu, na mara zote mbili nilisema maneno ambayo mchungaji wetu hajawahi kuyasikia kwangu. Nikikuuliza, "Faida, umesoma?" unanijibu, "Lugn, Papa." Tulia. Daktari ananikataza chumvi kwa ajili ya presha, lakini hajui neno hilo la Kiswidi linanifanya nini.

Uvumilivu uliniishia Jumapili iliyopita. Walikuja kukuaga Papa Shukuru na mkewe kutoka Tumba, watu wa kanisa letu, na unajua kwamba Prof ndilo jina wanaloniita. Papa Shukuru akakuuliza kwa heshima kabisa, "Sasa ile bitabu ya Kingereza, inasemaka nini?" Ukaweka uma chini, ukamweleza riwaya ya tatu kwenye orodha. Mke, mume, nyumba yenye unyevu, na jinsi unyevu ule ulivyo mfano wa ndoa yao. Dakika tano nzima, mikono inatembea hewani. Mke wa Papa Shukuru alibaki mdomo wazi. Papa Shukuru mwenyewe akanipiga paja: "Maji inafuata mukondo, Prof."

Mimi nilikuwa najua wasichokijua wao. Kitabu kile nilikiona asubuhi hiyohiyo, kimo kwenye mfuko wa plastiki wa muuzaji, gundi haijabanduliwa. Na siku mbili kabla, kompyuta ya sebuleni uliiacha wazi kwenye ukurasa wa muhtasari: sura kwa sura, wahusika wakuu, dhamira tano.

Wageni walipoondoka nilikufokea. Unakumbuka, na nadhani majirani wa chini wanakumbuka pia. Ulinisikiliza mpaka mwisho, halafu ukaniuliza taratibu, kwa Kiswidi, kwa nini nimekasirika hivyo, wakati ni mimi mwenyewe ninayesema kila siku kwamba mtu mwenye akili hana haja ya kusoma kila kitu. Nikaenda kuosha vyombo, nawe unanijua, siendi kuosha vyombo bila sababu.

Mama yako akanifuata kwenye sinki. Akawa anakausha sahani. "Weye mwenyewe umwambie mutoto," akasema. "Asiende na bongo yako mu sanduku."

Umekulia na Watanzania shuleni, kwa hiyo huenda neno hilo utalielewa vibaya. Kwa Watanzania bongo ni akili. Kwetu Uvira bongo ni uongo. Kwangu mimi, kwa miaka mingi, vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Basi nakwambia: baba yako, Prof wa Rågsved, mwenye digrii ya fasihi ya Kiingereza, hajawahi kusoma riwaya ya Kiingereza mpaka mwisho. Hata moja. Ningekuwa na ujasiri ningekuja chumbani kwako kukwambia, lakini ujasiri huo sina, ndiyo maana unaletewa barua. Najua Kiswahili kilichoandikwa unakisoma polepole, midomo ikicheza. Safi. Angalau kitu kimoja mwaka huu utakisoma polepole.

Diploma yangu si ya kughushi, usije ukadhani hivyo. Iko kwenye bahasha kabatini, na mihuri yake yote. Niliipata Bukavu, katika chuo ambacho maktaba yake ilikuwa kabati moja, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu aliyekwenda Kinshasa. Mwalimu wetu alikuwa na nakala yake moja ya kila riwaya. Alikuwa mtu mwema. Alituandalia silabasi. Kule kwetu silabasi si mpango wa masomo kama mnavyoielewa nyinyi. Silabasi ni somo lenyewe: maelezo yote ya mwalimu, yamepigwa fotokopi, yamebanwa kwa pini, kurasa mia moja na zaidi. Humo utakuta hadithi ya kila riwaya kwa kifupi, maana ya kila riwaya, na nukuu tatu tatu za kuweka kwenye mtihani. Ulikuwa unajifungia wiki tatu, miguu kwenye beseni la maji baridi ili usisinzie, unakariri. Kubloke, ndivyo tulivyoita. Mimi katika kubloke sikuwa na mpinzani. Niliweza kukwambia nukuu, ukurasa wake, na doa la wino lililokuwa pembeni ya ukurasa huo.

Sikuwa na kosa pale. Nilikula kilichopikwa. Wenzangu wawili au watatu walimbembeleza mwalimu awaazime vitabu vyenyewe, wakawa wanavisoma kwa zamu, nami nikawacheka: kwa nini mtu ahangaike na kurasa mia tatu wakati kwenye silabasi riwaya nzima ina kumi na moja tu? Kauli yangu ile ya mtu mwenye akili nilianza kuisema siku hizo. Niliona nimevumbua kitu.

Halafu vita, Uvira, kambi, na hatimaye Uswidi. Unaijua safari hiyo, ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Usichokijua ni kilichotokea baadaye, ulipokuwa darasa la tano. Diploma yangu ilitumwa kukaguliwa na majibu yakarudi mazuri: naweza kuwa mwalimu wa Kiingereza hapa, ila kwanza nimalize kozi moja ya fasihi, muhula mmoja tu, kwa sababu vyeti vyangu havikuonyesha vitabu nilivyosoma. Mama yako alipika kuku siku hiyo. Wewe ulichora picha yangu nikiwa mbele ya ubao, na kichwa umekifanya kikubwa kuliko ubao.

Siku ya kwanza tulikaa watu tisa kuzunguka meza. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo ulimi wangu ulikataa. Akatugawia karatasi, akasema kwa Kiingereza kwamba hii ndiyo silabasi yetu. Niliigeuza. Kurasa mbili. Nikaangalia kama zimebanduka nyingine. Hapana, ni mbili tu, zimebanwa vizuri na pini yake.

Faida, nilitoka pale natabasamu peke yangu kwenye treni. Nilijiambia, hawa Waswidi wametulegezea kweli, Bukavu ilikuwa kurasa mia na arobaini, hapa mbili. Nikakariri. Kwa wiki tatu, asubuhi nikisukuma mashine ya kusafishia sakafu Kista, nilizikariri zile kurasa mbili mpaka nikawa naziota. Majina ya vitabu vyote, waandishi, miaka ya kuchapishwa, wiki ya kwanza nini, wiki ya pili nini, kurasa ngapi mpaka ngapi, hata namba ya chumba na saa za ofisi za mwalimu. Ulinisikiliza wewe mwenyewe hapo mezani, umeshika karatasi, unanisahihisha. Sikukosa hata moja, ukanipigia makofi.

Sasa fika na mimi siku ya majadiliano. Mwalimu ananigeukia, ananiuliza kwa upole: yule mama katika sehemu ya pili ya riwaya, wewe ulimwonaje? Nikasimama, maana kwetu mwanafunzi husimama. Wenzangu wote wamekaa. Nikafunga vifungo vya koti, nikasema jina la riwaya, mwandishi, mwaka, kwamba ni ya wiki ya pili na ya tatu, kurasa mia mbili themanini na nane, chumba namba fulani. Nikakaa.

Hakuna aliyecheka. Natamani wangecheka. Binti mmoja wa umri wako wa sasa aliinamia daftari lake, masikio yamemwiva kwa aibu. Mwalimu akaniambia asante. Halafu akauliza, si kwa ubaya: "Lakini umeisoma?"

Hapo ndipo nilipoharibu maisha yangu, na nataka upaangalie vizuri. Sikuharibu kwa kukariri zile kurasa mbili. Kosa lile lilikuwa la kuchekesha. Ningesema, "Hapana mama, kwetu silabasi ni kitu kingine," pengine tungecheka sote tisa, nami leo ningekuwa nalisimulia mbele ya darasa langu kila mwaka. Nilisema, "Ndiyo. Zamani, chuoni."

Baada ya kipindi alinisubiri mlangoni. Akaniambia kama nahitaji muda zaidi, au mtu wa kusoma naye, aniambie tu, wapo wengi wanaohitaji. Nikamshukuru. Nikamwambia sihitaji. Nilirudi mara moja tu, na mara hiyo nilikuwa nimejifunza kukubali kwa kichwa kila mtu anaposema. Halafu sikurudi tena.

Nyumbani niliwaambia nini? Unakumbuka nilichowaambia, kwa sababu ulikwenda kukisema shuleni, na mwalimu wako akanipigia simu kunipongeza. Nilisema kozi ile ni ya chini mno kwangu, walimu wenyewe wanajua kidogo kuliko mimi, nimeona ni kupoteza wakati. Ulinitazama kama mtu anayetazama mlima. Miaka minane baadaye ulijaza fomu ya chuo, mahali pa sababu ukaandika kwamba unataka kusoma fasihi ya Kiingereza kwa sababu ya baba yako. Ulinipa niisome kabla ya kutuma, nikasahihisha herufi kubwa moja, nikakurudishia. Nina aibu nayo mpaka sasa hivi ninapoandika.

Sasa unielewe hasira ya Jumapili. Ulipokuwa unamweleza Papa Shukuru juu ya ule unyevu, niliyemsikia ni mimi. Ile sauti, ile mikono. Hata kukohoa kidogo kabla ya dhamira ya pili. Na ulikuwa hodari kuliko mimi, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mimi walinigundua siku ya kwanza ya majadiliano. Wewe unaweza kufika mwaka wa tatu.

Siwezi kukufundisha kusoma. Atakufundisha anayejua. Lakini katika kutosoma mimi ni fundi, na nitakwambia jambo moja ambalo wavivu wenzangu hawalisemi: ni kazi ngumu mno. Umeona vile vitabu vya Kiingereza kwenye rafu ya sebuleni, migongo yake imekunjwakunjwa kwa kusomwa? Niliikunja mimi. Nilivinunua kwenye soko la vitu vikuukuu nikavikunja kimoja kimoja mbele ya televisheni, mama yako akiniangalia. Nimejifunza kujibu swali kwa swali, "Na wewe ulionaje?" Nimejifunza kuingia chooni mgeni Mkenya anapoanza kuzungumzia riwaya. Yule Mkenya wa kanisani, mpole, anayependa vitabu, angekuwa rafiki yangu wa kweli. Nimemkwepa miaka saba. Ukipiga hesabu ya jasho lote hilo, ningekuwa nimevisoma vitabu vya orodha ile mara tatu, na kahawa ningekunywa.

Kwa hiyo ukifika, na wiki yenye riwaya mbili ikakukalia kooni, ikatokea umefika nusu tu, sema umefika nusu. Sema palepale, sauti ikitetemeka. Utaona aibu kwa dakika tano. Ukiwa umesoma kurasa ishirini ukaelewa mbili, sema juu ya hizo mbili. Usimpe mwalimu unyevu wa ndoa aliouandika mtu mwingine kwenye kompyuta.

Na kuna jambo nililolifanya juzi, ulipokuwa kazini. Nilibandua ile gundi. Samahani, ni kitabu chako. Nilitaka kuona ule unyevu uko wapi. Nilikaa hapa na kamusi nikasoma kurasa nne kwa dakika arobaini, nikatoka jasho kama nimepandisha kabati ngazini. Muhtasari wako unasema: sura ya kwanza, mke anaondoka. Ni kweli, anaondoka. Lakini muhtasari hausemi kwamba kabla hajaondoka anampigia mumewe pasi shati la kesho. Anapiga pasi kola, anapiga pasi mikono, anafunga kifungo cha juu ili lisianguke kwenye henga. Kisha ndipo anachukua mkoba. Nilisoma hapo mara tatu. Nilikasirika sana, Faida. Niliwakasirikia wale waliotupa kurasa kumi na moja, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu nina miaka hamsini na mbili na hakuna aliyeniambia kwamba shati limo humo ndani.

Nimemuuliza mama yako kwa nini angelipiga pasi. Amenijibu, "Juu alizoea," yaani kwa sababu alizoea. Halafu akasema, "Ama juu alimupenda." Tumebishana mpaka chai ikapoa. Sijui nani kati yetu yuko sahihi. Nadhani hiyo ndiyo kazi unayoendea huko, na kwa kweli nimekuonea wivu, jambo ambalo baba hapaswi kumwambia mwanawe, lakini limeshaandikwa.

Nilikuwa naandika hapo juu mlango ukafunguka. Umeingia na vitabu viwili, kimoja kila mkono, ukasema sanduku limezidi uzito, kimoja lazima kibaki, na hutaki kubakiza kilicho bora. Ukaniuliza kama ulivyoniuliza tangu ukiwa mdogo, "Papa, kipi?"

Nilijua la kusema. Ningeshika kidevu, ningesema hiki kina uzito wa kifalsafa, kile ni cha vijana. Badala yake nimekutazama usoni nikasema, "Sijui, mwanangu. Sijasoma hata kimoja."

Umecheka. Umecheka mpaka ukaegemea friji. Ukanibusu kipara, ukachukua kile kinene, ukaondoka. Nimekusikia ukipita chumbani kwa mama yako, ukimsimulia utani wa Papa, kwamba eti Prof hajasoma hata kimoja.

Nimeacha kalamu nikasikiliza. Mama yako hajacheka.

Baba yako